Idi Hatuwezi Kuihamisha, Ziara Tunaweza

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeliumba jua na mwezi na akavipa kila kimoja njia yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Kila mwaka, Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, swali huwa ni lile lile: "Ustadhi, Idi pili tunakwenda wapi?" Na jibu nalo limekuwa ni lile lile: tunakwenda mlimani. Michango inakusanywa, Kosta inakodiwa, akina mama wanapanga zamu ya pilau, na watoto hawalali. Ni desturi nzuri, na sitaki mtu adhani nimekuja kuivunja. Ninachotaka ni kuuliza swali moja ambalo nadhani tumechelewa kuliuliza: je, siku hiyo tunayoichagua ni siku ya kumpeleka mtoto mlimani? Maoni yangu ni kwamba siyo, na nitaeleza kwa nini.

Yaliyotukuta

Idi el-Fitri ya mwaka 2023 iliangukia Aprili. Nilikuwa miongoni mwa walimu waliosindikiza watoto kwenda kutazama maporomoko ya maji upande wa Marangu. Tuliondoka Moshi kukiwa na manyunyu. Tulipofika Himo mvua ilikuwa imeshika kasi, lakini nani angewaambia watoto warudi? Tukaendelea. Tulipoiacha barabara ya lami na kushika njia ya udongo, gari halikumaliza hata mita mia mbili. Matairi ya nyuma yakazama, na kila dereva alipokanyaga mafuta yakazidi kuzama.

Tukawashusha watoto. Kanzu nyeupe za Idi zikawa rangi ya udongo. Wengi walikuja na viatu vya wazi, na wachache tu ndio waliokuwa na sweta, kwa kuwa mjini asubuhi ile hapakuwa na baridi ya kutisha. Binti mmoja mwenye pumu akaanza kubanwa na kifua. Alhamdulillahi, mwenyeji mmoja wa pale, mama wa Kichaga ambaye si wa dini yetu, alitufungulia jiko lake, akamweka yule binti karibu na moto na kumpa chai. Tulirudi Moshi baada ya Isha, na wazazi walikuwa wamejaa mlangoni, simu mikononi.

Lakini neno ninalolikumbuka zaidi halikusemwa na mzazi. Mtoto mmoja mdogo, mkazi wa Pasua, anayeuona mlima kila anapokwenda kuchota maji, aliniuliza tukiwa pale pale kwenye tope: "Ustadhi, mlima uko wapi?" Tulikuwa ubavuni mwa mlima mrefu kuliko yote Afrika, wenye mita 5,895, na hatukuuona siku nzima. Palikuwa na ukungu mtupu.

Mwaka uliofuata nilipata sababu kubwa zaidi ya kutafakari. Idi el-Fitri ya 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Siku mbili baadaye, tarehe 12 Aprili, jirani zetu wa Arusha walipatwa na msiba: gari la shule lilisombwa na maji ya mvua na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha. Mwishoni mwa mwezi huo huo Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mafuriko na maporomoko ya udongo yalikuwa yameua watu 155 nchini. Nilipozisikia habari hizo niliikumbuka Kosta yetu, na nikamshukuru Allah kwamba sisi tulizama kwenye tope tu.

Mazoea yetu yametoka wapi?

Baadhi ya wazee wa madrasa husema: "Sisi tumekwenda mlimani Idi zote na hatukunyeshewa." Wanasema kweli. Nilichukua kalenda nikatazama nyuma, na nikaona siri yake.

Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 hadi 12. Kwa sababu hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka katika kalenda ya Januari hadi Desemba, na huchukua yapata miaka 33 kuzunguka majira yote na kurudi ilipoanzia. Sasa tazama: mwaka 2009 Idi el-Fitri ilikuwa Septemba. Mwaka 2012 na 2013 ilikuwa Agosti, mwaka 2015 na 2016 ilikuwa Julai, na mwaka 2019 ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Yaani kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo Idi iliangukia katika majira makavu. Desturi yetu ilistawi katika miaka hiyo, na wazee wakaona ni Idi ndiyo inayofaa kwa ziara, kumbe kilichofaa kilikuwa ni kipupwe.

Kisha mwezi ukaendelea na safari yake. Mwaka 2020 Idi ikaingia Mei, mwaka 2023 na 2024 ikawa Aprili, na mwaka 2025 tuliisali mwishoni mwa Machi. Hiyo yote ni masika. Mwezi ulihama, sisi tukabaki na mazoea. Hatukukosea siku ya Idi. Tulikosea kudhani kwamba Idi na majira makavu ni kitu kimoja.

Majira ya mlima wetu

Sasa tuutazame mlima wenyewe, maana hata wageni wetu kutoka Tanga, Dar es Salaam na Unguja hutuuliza kila mara, "Tuje lini?" Mwanafunzi wa Moshi ni aibu asijue la kujibu.

Mvua zetu hufuata jua. Ukanda wa mvua hupita juu ya nchi yetu mara mbili kwa mwaka, jua linapoelekea kaskazini na linaporudi kusini. Ndiyo maana tuna misimu minne.

Kwanza ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele chake. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huugonga mlima upande wa kusini, zikapanda, zikapoa na kumwaga mvua. Upande huo ndio wetu: Marangu, Kilema, Kibosho, Uru na Machame. Mjini Moshi kunaweza kuwa na manyunyu huku juu msituni maji yakimwagika kama kwa ndoo. Msimu huu ni wa mkulima, siyo wa msafiri.

Pili ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti au Septemba. Mvua imekatika, njia zimeshikana, migomba imenawiri na mito ina maji. Kahawa inaanza kuiva na mtoto anaweza kuona inavyochumwa. Kasoro yake ni baridi, hasa Julai, na mawingu mazito ambayo huzunguka kiuno cha mlima wakati wa mchana.

Tatu ni vuli, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Mvua zake kwa kawaida ni chache kuliko za masika, lakini tusizidharau. Maporomoko ya tope ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, yalitokea tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80. Tena sisi tunajua Desemba ya huku ilivyo: ndugu zetu Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya Krismasi, magari yanajaa na barabara za milimani zinabanana.

Nne ni kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Mjini ni joto, lakini hewa ni safi na mlima huonekana vizuri mno. Anayetaka kuona Kibo na Mawenzi vikiwa wazi, miezi hii ndiyo yake.

Na katika msimu wowote, mlima huonekana zaidi asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda, na jioni yanaposhuka. Aliyeamka kusali Alfajiri akatoka nje ana nafasi nzuri ya kuuona. Aliyelala hadi saa tatu asubuhi asilaumu mawingu.

Jambo jingine ambalo kila mzazi alijue ni baridi ya kupanda. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Moshi iko yapata mita 800 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu liko karibu na mita 1,900. Kwa hiyo mtoto aliyetoka mjini kwenye nyuzi 22 atakuta kama 16 langoni, na akitembea hadi kituo cha Mandara, kilicho karibu na mita 2,700, atakuta kama nyuzi 11. Hiyo ni kwa mtoto mkavu. Kwa mtoto aliyelowa, baridi ni kali maradufu.

Dini yetu inasemaje?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Waarabu wa zama za ujahilia waliona usumbufu miezi yao ikihama katika majira, wakawa wanaisogeza na kuiahirisha ili mambo yao yaangukie wakati wanaoupenda. Desturi hiyo iliitwa nasii, na Qur'ani imeikemea katika Surat Tawba. Tangu hapo miezi yetu ni 12, haiongezwi wala haisogezwi, na ibada zetu huzunguka majira yote. Humo mna uadilifu mkubwa: hakuna nchi itakayofunga wakati wa siku ndefu za joto milele, wala nchi itakayofunga wakati wa siku fupi za baridi milele. Kila umma hupata zamu yake.

Basi Idi hatuwezi kuihamisha, na hatutaki. Ikija katika masika tutaisali katika masika. Lakini ziara ya mlimani si ibada iliyowekewa siku. Hakuna aya wala hadithi iliyosema watoto wapelekwe Marangu Idi pili. Hiyo tumeipanga wenyewe, na tulichokipanga wenyewe tunaweza kukipanga upya.

Tazameni pia Surat Quraish, ambayo karibu kila mwanafunzi wa darasa la kwanza ameihifadhi. Inataja safari za Makuraishi za wakati wa baridi na wakati wa joto. Wanazuoni wa tafsiri wanaeleza kwamba wakati wa baridi walikwenda Yemen, ambako kuna joto, na wakati wa joto walikwenda Sham, ambako kuna ubaridi. Walichagua majira ya safari zao. Hata majahazi yaliyounganisha pwani yetu na Arabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyeng'oa nanga bila kuuliza upepo hakuitwa mcha Mungu, aliitwa mjinga.

Tofauti hii inaonekana hata katika Hija. Hija ina siku zake, haiwezi kungoja hali ya hewa. Mwezi Juni 2024 joto lilikuwa kali mno, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki. Pale ambapo siku haibadiliki, wajibu wetu ni kujiandaa kwa vivuli, maji na matibabu. Lakini pale ambapo siku iko mikononi mwetu, kuchagua siku njema ndiyo maandalizi ya kwanza. Tunakumbuka hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya yule mtu aliyeelekezwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Allah. Kuitazama kalenda ya mvua kabla ya kukodi Kosta ni kumfunga ngamia.

Hoja za wenye maoni tofauti

Najua yatakayosemwa, maana nimeyasikia kwenye vikao.

Wapo watakaosema: "Mvua ni rehema, kwa nini tuikimbie?" Ni rehema kweli, na bila masika hakuna mahindi wala ndizi. Lakini rehema kwa shamba si lazima iwe rehema kwa basi lililojaa watoto kwenye kona ya mlima. Hata Sharia imetoa ruhusa ya kujumuisha sala kwa sababu ya mvua kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Ikiwa mvua huweza kumpunguzia mtu mwendo wa kwenda msikitini, vipi isimpunguzie mtoto mwendo wa kwenda kutembea?

Wengine watasema: "Maporomoko hunoga wakati wa mvua." Ni kweli maji huwa mengi. Lakini Materuni, Kinukamori na Kilasiya hayakauki mara masika yanapokwisha. Msitu huhifadhi maji na kuyaachia taratibu, na mwezi Juni na Julai maji bado ni mengi, ila njia ya kuyafikia haitelezi tena.

Wapo pia watakaosema: "Tukiondoa ziara, Idi ya watoto itabaki na nini?" Hii ndiyo hoja nzito zaidi, na naiheshimu, kwa sababu wapo watoto wetu ambao furaha yao ya mwaka mzima ni siku ile. Jibu langu ni kwamba Idi haipungui. Watoto wabaki na pilau yao, kaswida, michezo na mashindano uwanjani kwetu au ukumbini, karibu na nyumbani. Kisha waongezewe siku ya pili ya furaha katikati ya mwaka. Badala ya furaha moja yenye tope, watapata mbili.

Na wengine watasema kwamba siku hizi majira yamebadilika, hakuna wa kuyategemea. Ni kweli kwamba mambo yanabadilika. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Mvua nayo huweza kuwahi, kuchelewa au kuzidi. Lakini hilo halitufanyi tuache kuchagua, linatufanya tuchague na kisha tuhakikishe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu na wa kila siku, na redio huutangaza bure.

Ninachopendekeza

Kwanza, ziara ya mlimani ya madrasa iwekwe Jumamosi mojawapo kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai. Masika yanakuwa yamekwisha na shule kwa kawaida ziko katika likizo ya katikati ya mwaka. Ikishindikana, chaguo la pili liwe Jumamosi ya mwishoni mwa Januari au Februari.

Pili, baridi ya Julai tuikabili kwa maandalizi. Kila mtoto awe na sweta, soksi, viatu vya kufunika na nguo ya kubadilisha. Sweta nzuri za mitumba zinapatikana Memorial kwa bei ambayo wazazi wengi wanaimudu, na wasiomudu tuwachangie kimya kimya. Wenye pumu na maradhi mengine wajulikane mapema, na dawa zao zishikwe na mwalimu.

Tatu, tuondoke mara baada ya Alfajiri, ili watoto wauone mlima kabla haujajifunika, na turudi mjini kabla ya Magharibi.

Nne, tusiwashe moto ovyo huko juu. Mioto mikubwa ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliteketeza uoto wa mlima mwishoni mwa kipindi cha ukavu. Majira makavu yana amana yake.

Tano, wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe kazi ya kuandaa kalenda ya ukutani yenye miezi ya Hijria na misimu ya mvua kwa pamoja. Wataona wenyewe jambo ambalo wengi hawajalitambua: kwa mahesabu, Idi el-Fitri itafika Februari kuanzia mwaka 2028, yaani itaingia kwenye kiangazi, wakati Idi el-Hajj, iliyokuwa Juni mwaka 2024 na 2025, inaingia Mei na kisha Aprili, katikati ya masika, kwa miaka kadhaa. Siku yenyewe itathibitishwa na mwandamo, lakini majira yake yanajulikana tangu sasa.

Na hapa nina onyo. Miaka hiyo ya Februari ikifika, Idi el-Fitri itakuwa kavu na nzuri, na mtu atasimama kikaoni na kusema, "Mnaona? Idi ndiyo siku ya mlima." Tafadhalini, asiyeelewa asomewe makala haya. Mwezi hautakaa pale. Utaendelea na njia yake, na watoto wa watoto wetu wasije wakazama kwenye tope lile lile kwa kuwa sisi tulisahau kuwaachia hesabu.

Kwa ibada, tuufuate mwezi. Kwa njia za mlimani, tulitazame jua. Vyote viwili ni vya Allah, na Qur'ani imetufundisha kwamba amevifanya viwe vya kuhesabia. Basi na tuhesabu. Natamani yule mdogo wa Pasua apande tena gari letu, na safari hii asiwe na haja ya kuniuliza mlima uko wapi.